Ukuta Aliouegemea Mama

"Wenyeji au wageni?" mkata tiketi aliuliza bila kuinua macho.

Nikamwambia wenyeji. Akanyoosha mkono nimpe kadi ya mkazi, ile yenye namba ya nyumba iliyo ndani ya kuta za mji mkongwe. Nikamwambia ageuze shingo tu ataiona nyumba yetu, ya tatu toka kona, yenye roshani ya mbao na ngazi ya nje. Siku hizi chini wanauza kahawa na juu wanauza picha za nyumba yenyewe.

"Kwa hiyo hamkai pale."

"Tulihamishwa."

"Basi ni wageni, mzee wangu," akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi, akatukatia tiketi mbili za wageni.

Nilitaka kumjibu. Watu waliokua na mimi huniita Kipaza, na hilo jina sikulipata kwa kunyamaza. Darasani sikukaa muda mrefu, kusoma nilijifunzia kwenye magazeti ya kufungia misumari, na tangu hapo sijaona karatasi ya serikali nikaiacha ipite bila kuisoma mpaka mstari wa mwisho. Ndiyo maana nakumbuka. Miaka thelathini na moja iliyopita, siku ya Jumanne, lori la kijani lilisimama penye kona ile ile, karani akashuka na karatasi iliyosema familia zote za mji mkongwe zitaondoka kwa muda, miaka miwili tu, nyumba zifanyiwe ukarabati. Kalamu ya karani ilikuwa imekauka wino. Aliazima yangu kuandika jina la mtu wa mwisho kuondoka, na jina lenyewe lilikuwa langu. Kalamu hakurudisha.

Lakini Mama alinibana mkono. Ana miaka themanini na minne na mkono wake bado unabana kama koleo.

"Twende," alisema. "Umeahidi."

Kweli niliahidi. Wiki tatu kabla ya hapo daktari alimwambia kwamba ule mwanga kidogo uliobaki kwenye jicho la kulia hautamaliza mwaka. Chokaa ndiyo iliyomla macho, tone baada ya tone, miaka yote aliyofanya kazi akiwa ameinua uso. Tulipotoka kwa daktari sikumsikia akilalamika. Alisema jambo moja: "Nipeleke nikaegemee ukuta wangu." Kisha akaongeza, maana ananijua, "Na usije na makaratasi yako."

Makaratasi nilikuja nayo. Arobaini, nimeyaandika mwenyewe na kuyatoa nakala, yamekunjwa ndani ya mfuko wa kitambaa chini ya chupa ya maji. Kichwa chake kilikuwa MIAKA MIWILI IMEKWISHA. Mama haoni vizuri, nikajipa moyo kwamba hatajua.

Mji ule, kwa mtu asiyeujua, ni mzuri. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Vichochoro vimebana kiasi cha watu wawili kupishana kwa ubavu, madirisha yanatazamana kama majirani waliokosana, na kila kizingiti kimechongwa na mtu aliyekuwa na muda. Siku hizi vimefagiliwa mno. Hakuna kamba ya nguo wala redio inayopigwa kwa sauti, na hakuna mama wa kuuliza unakwenda kwa nani. Wageni wenye kamera walikuwa wanapiga picha milango, na milango ilikuwa imefungwa.

Nyumba Kubwa iko mwisho wa kichochoro cha tatu. Ndiyo iliyoupa mji jina duniani. Mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa anasubiri kundi letu mlangoni, mtembeza wageni, amevaa beji na viatu vya kutembelea mbali. Tulikuwa watu tisa. Alipomwona Mama aliacha maneno yake katikati.

"Shikamoo, bibi. Juu kuna ngazi kumi na tisa. Utaweza?"

"Marahaba, mwanangu. Ishirini," Mama alijibu. "Ya kumi na moja ni mbili zilizobanana. Fundi alikosea hesabu akaogopa kusema."

Mtembeza wageni akacheka kwa adabu. Lakini tulipopanda nilimwona akihesabu kimoyomoyo, na tulipofika ya kumi na moja akaangalia miguu ya Mama. Mama hakupapasa. Aliinua unyayo nusu, akaukanyaga ule ukingo mwembamba ambao sisi wote tuliuruka bila kuuona, akainua tena.

Juu ndiko kuna ukumbi. Kuta zake nyeupe zimesuguliwa mpaka zinang'aa kama yai lililochemshwa. Katika ukuta wa mashariki, kati ya dirisha la pili na la tatu, kuna bonde. Ni mviringo mpana kama sinia, kina chake vidole vitatu, uko kimo cha kiuno, na kingo zake ni laini hivi kwamba huwezi kusema ukuta umeishia wapi na bonde limeanzia wapi. Limezungushiwa kamba nyekundu. Limechapwa kwenye tiketi, kwenye fulana, kwenye vikombe na kwenye bango la kuingilia mjini. Kando yake kuna ubao wenye maandishi ya dhahabu.

Mtembeza wageni alisimama pale akaanza. Alisema hili ndilo Bonde la Tafakuri. Alisema lina miaka mia tatu, kwamba tajiri wa kwanza wa nyumba alilichongesha ili aegemee hapo kila alfajiri na kutafakari, na kwamba bingwa aliyelitengeneza aliitwa kutoka ng'ambo, akaondoka na siri yake. Alisema wataalamu wamelipima kwa vyombo na kukuta kwamba limefuata vipimo vya nyota.

Wageni wakainua kamera.

"Hayo ni makalio yangu," alisema Mama.

Hakusema kwa sauti. Ila ule ukumbi nao una tabia zake, neno likitamkwa linazunguka kuta zote nne kabla ya kutulia. Mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya majani akashusha kamera.

"Samahani, bibi?" mtembeza wageni aliuliza.

"Nasema hayo ni makalio yangu. Na mgongo kidogo, pale juu. Nilikuwa na mimba ya huyu," akanigonga kwa kiwiko, "mwezi wa nane. Alinilemea tangu siku hizo."

Watu wakacheka, na mimi nikaona aibu ya mtoto wa miaka sita ingawa nina sitini na moja.

Habari yenyewe nimekua nikiisikia, kwa hiyo naweza kuieleza vizuri kuliko ubao wa dhahabu. Mwaka ule kuta za ukumbi zilikuwa zimebomoka, mwenye nyumba akaleta msimamizi wa ujenzi na mafundi ili zipigwe lipu upya. Mama aliandikwa kibarua wa kubeba chokaa. Mwanamke hakuruhusiwa kushika mwiko. Lakini fundi mkuu alikuwa na kifua kibovu, vumbi lilikuwa linamkaba, na kila msimamizi alipotoka fundi aliketi nje akikohoa na Mama akashika mwiko wake. Ukuta wa mashariki wote ni wa Mama, tangu juu mpaka chini. Siku ya kumaliza, amesimama juu ya ubao wa chini wa jukwaa, anasugua chokaa mbichi kwa jiwe la mtoni, akasikia viatu vya msimamizi kwenye ngazi. Akageuka ghafla, kichwa kikazunguka, akarudi nyuma na mzigo wake wote akaketi ukutani.

Ukuta ukampokea.

Kuziba hakuwezekani. Chokaa ilikuwa imeanza kukaza, na kiraka kingepasuka kufikia kesho yake na kutangaza kila kitu. Akafanya jambo ambalo mtu aliyefundishwa kazi darasani asingelifanya. Akachukua jiwe lake, akalisugua lile kosa. Akalainisha kingo, akaliingiza ndani ya ukuta, mpaka likaonekana limekusudiwa. Msimamizi alipoingia akaligusa, akauliza hii nini. Fundi mkuu akajibu toka mlangoni kati ya kikohozi na kikohozi: "Mtindo wa kale, bwana." Msimamizi akamwambia mwenye nyumba ni mtindo wa kale. Mwenye nyumba akawaambia wageni wake. Ile miaka mia tatu ilianzia hapo.

"Kuna ushahidi wowote, bibi?" aliuliza yule wa kofia ya majani. Hakuuliza kwa ubaya.

Kabla Mama hajajibu, meneja wa nyumba akaingia. Kumbe ukumbi ule una kamera na mtu ameketi chini anaangalia. Alikuwa mtu nadhifu mwenye furushi la funguo, na kwenye mfuko wa shati lake palitariziwa lile bonde kwa uzi wa dhahabu. Nikamnong'oneza Mama kwamba meneja amevaa makalio yake kifuani. Alitabasamu kidogo.

"Kuna tatizo gani hapa?" meneja aliuliza.

"Hakuna tatizo," nikasema. "Aliyetengeneza ukuta amekuja kuutazama."

"Mzee, nyumba hii ina karne tatu."

"Nyumba ndiyo. Lipu ina miaka sitini na moja. Mnazo karatasi za kazi ile huko ofisini, na kama hamzijui ni kwa sababu hamjazisoma. Hata ile ya miaka miwili hamkuisoma."

Alinijua basi. Niliona macho yake yakirudi nyuma miaka mingi. "Wewe ndiye Kipaza," akasema. "Yule wa barua."

"Barua mia na kumi na nne. Mlijibu mbili."

"Mama yako anakaribishwa kutazama kama mgeni yeyote. Kugusa hairuhusiwi."

"Macho yangu hayatazami tena, baba," Mama alisema. "Natazama kwa hivi." Akainua viganja vyake. Vimekauka na kupasuka, alama za vidole zililiwa na chokaa zamani, hata walipotaka kumchukua alama kwa ajili ya kitambulisho mashine iliandika hakuna mtu.

Meneja hakuangalia viganja. Alikuwa ananiangalia mimi na mfuko wangu.

"Ushahidi upo," Mama akaendelea, akimgeukia yule wa kofia upande ambao sauti yake ilitoka. "Jukwaa likivunjwa, miti yake huacha matundu ukutani. Tundu la mwisho linazibwa na aliyemaliza ukuta. Kwetu, ukimaliza ukuta, jiwe lako la kusugulia unaliacha mle ndani. Ukilichukua ukaenda nalo kwenye kazi nyingine, ukuta unakuonea kijicho unatoa ufa. Ndivyo tulivyoaminishwa. Jiwe langu limo. Mkono mmoja kushoto kwa bonde, kimo cha kifua changu wakati ule, nilipokuwa mrefu."

Mtembeza wageni aliangalia ukuta. Pale paliposemwa palikuwa peupe, pamenyooka, hapana alama yoyote.

Ndipo nilipowaka. Nilisema leteni patasi. Nilisema leteni patasi na shahidi na mwandishi wa habari, tuchimbe hapa hapa, saa hii hii, na jiwe likitoka ubao ule ung'olewe na jina la mama yangu liandikwe, na watu wa mji huu warudi nyumbani kwao. Nilisema mengi. Sauti yangu ilizunguka kuta nne na kunirudia, na nakiri nilipenda kuisikia. Wageni wawili walipiga makofi. Meneja akasema kuharibu turathi ni kosa la jinai, nikamwambia kuiba turathi kunaitwaje.

"Hachimbi mtu," alisema Mama.

"Mama, ndio ushahidi wenyewe."

"Nimesikia. Ukuta huu sijauona ufa hata mmoja." Alikuwa amekwisha kuinua ile kamba nyekundu kwa mkono mmoja na kupita chini yake, hakuna aliyemwona alipoanza. Kiganja chake kilikuwa juu ya lipu, kinatembea polepole. "Miaka sitini na moja, hauna hata unywele. Nikuruhusu uutoboe ili mtu mwenye funguo anisadiki? Asadiki asisadiki, shauri yake. Nilikuja kuegemea."

Nikasogea mpaka kwenye kamba.

"Bibi, tafadhali toka ndani ya kamba," meneja alisema.

Mama aligeuza mgongo. Alishika ukingo wa bonde kwa mikono yote miwili, nyuma yake, bila kupapasa, akajirudisha taratibu mpaka akaegemea. Na hapo niliona kitu kilichoniuma kuliko lori la kijani. Hakutosha. Alikuwa amepungua. Mwanamke aliyeacha shimo lile ukutani alikuwa mnene wa mwili na mimba na nguvu za kazi, na huyu aliyerudi alikuwa anacheza ndani yake kama punje moja ndani ya ganda.

Meneja naye aliliona. "Haya," akasema, na karibu acheke. "Hata halimwenei."

Chumba kizima kikamtazama Mama. Alijisogeza kulia, akajisogeza kushoto.

"Kuna ubaridi," alisema. "Hebu lete hayo makaratasi yako."

"Makaratasi gani?"

"Yaliyo chini ya chupa ya maji. Unadhani sikusikia yakikwaruza njia nzima?"

Nikayatoa. Arobaini, bado yamekunjwa. Nikapita chini ya kamba, nikayapanga nyuma ya mgongo wake, ishirini upande huu na ishirini upande ule, akaketi vizuri sasa, amejaa.

"Safi," alisema. "Leo yamefanya kazi."

Hata meneja aliuma mdomo asicheke. Lakini cheo ni cheo. Alisema anakwenda kuita askari wa getini, na kwamba tukiendelea kuwapo atakaporudi tutatolewa kwa nguvu. Funguo zake zikashuka ngazi. Ya kumi na moja ilimkwaza, tukasikia.

"Mama," nikamwambia, "atakuja nao."

"Waje. Walinitoa nyumbani kwangu nikaondoka kwa adabu, nikafunga na mlango. Leo nimechoka kusimama." Akafumba macho. "Wewe nyamaza kidogo. Usikie ukuta."

Nikanyamaza. Kwa mtu kama mimi, hiyo nayo ni kazi.

Mtembeza wageni alikuwa bado amesimama nje ya kamba, beji yake imepinda. Alipima mkono mmoja kushoto kwa bonde. Halafu alimwangalia Mama, akapandisha mkono wake juu kidogo, kimo cha mwanamke aliyekuwa mrefu. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Ko. Akasogea shubiri moja. Ko. Akarudi, akapanda zaidi, akagonga tena, na safari hii ukuta ukajibu kwa sauti nyingine, nene, yenye nafasi ndani yake. Akagonga mara ya pili kwa nguvu, na kitu kidogo kikajigeuza mle ndani, kikatulia.

Hakuna aliyepiga picha.

"Ni la rangi gani, bibi?" aliuliza.

"Jeusi. Lina mstari mweupe kiunoni, kama mkanda."

"Miaka minane nasimama hapa," akasema mtembeza wageni, akijisemea kuliko kutuambia. "Mara nne kwa siku. Nyota, nyota, nyota."

"Si kosa lako, mwanangu. Ulipewa karatasi ukaisoma. Huyu wangu ndio ugonjwa wake."

Kundi lililofuata lilikuwa limekwisha kupanda. Watu kumi na wawili hivi, na nyuma yao meneja na askari wawili, wote wamebanana mlangoni kwa sababu wageni walikuwa wamejaa mbele. Wakamwona mwanamke mzee amekaa ndani ya picha iliyo kwenye tiketi zao. Mmoja akauliza kama ni sehemu ya maonyesho.

Meneja alimwangalia mtembeza wageni juu ya vichwa vya watu. Alikuwa anamwomba kwa macho na kumtisha kwa macho, yote mawili. Mwanamke yule akanyoosha beji yake. Nilijua ana kazi moja tu mjini pale, na kwamba kazi nyingine hazipo. Akavuta pumzi, akaanza kwa sauti yake ya kila siku.

"Karibuni ukumbini. Mnachokiona ni bonde maarufu. Ubaoni imeandikwa miaka mia tatu." Akaupa ubao mgongo. "Ubao umekosea. Aliyelitengeneza ndiye huyu aliyeketi. Muulizeni."

Askari mmoja alitaka kupita, bibi mmoja mgeni mwenye fimbo akamwambia asisukume watu, kuna mtu anataka kuongea. Askari akasimama.

"Sogeeni karibu," Mama alisema. "Sauti yangu si kama ya mwanangu. Kwanza mjue kwamba siku ile kulikuwa na joto."

Aliongea mpaka saa ya kufunga, na walipomtoa walimtoa kwa kumshika mikono kwa sababu alikubali kushikwa. Mimi nilisukumwa. Karatasi zangu zilibaki ukutani, zimechukua umbo lake.

Ubao wa dhahabu bado upo. Mtembeza wageni yule hayupo tena pale. Siku hizi anawatembeza watu kwa hiari yake nje ya kuta, mtaa kwa mtaa, na anajua nani aliishi wapi kwa sababu Mama anamwambia. Nimeandika barua ya mia na kumi na tano. Wakati nasubiri jibu, nawaambia ninyi mtakaokwenda. Mtakapofika ukumbini, simameni kati ya dirisha la pili na la tatu. Mkono mmoja kushoto, kimo cha mwanamke mrefu. Piteni chini ya kamba, mgonge, msikilize.

Msichimbe. Mama amekataza.